Kiharusi: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? (uzi wa wahudumu na wenye wagonjwa, Mombasa)

#1 MuuguziWaZamu

Assalam aleykum, na habari zenu nyote. Nafungua uzi huu kwa ajili ya swali moja ambalo kila anayeleta mgonjwa wa kiharusi huulizwa mlangoni, na jibu lake mara nyingi huja limepinda: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?

Hatuulizi saa mliyomkuta ameanguka, wala saa mliyopigiwa simu. Twauliza saa ya mwisho ambapo kuna mtu aliyemwona au kumsikia akiwa kama kawaida yake. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu hapo. (Katika uzi huu naomba tuandike "masaa" kwa muda na "saa" kwa wakati. Walimu wa lugha watuvumilie, hapa kuchanganya kunaua.)

Sasa shida yetu sisi wa Pwani. Nyumbani twahesabu saa za Kiswahili, fomu za hospitali zahesabu saa 24. Mwana asema "mzee alikuwa mzima saa mbili", maana yake 08:00. Anayejaza fomu aandika 02:00. Mgonjwa kafika 10:30, kwa hivyo ana masaa mawili na nusu tu, lakini karatasi yasema manane na nusu. Basi hapo dawa imempita, naye alistahili.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Mama alilala mzima "saa nne usiku", yaani 22:00. Aandikiwa 04:00. Afika 06:00 na karatasi yaonyesha masaa mawili, kumbe ni manane. Dawa yaingia kwenye ubongo ambao sehemu yake imekwisha kufa na mishipa yake imelegea, na hapo damu huvuja.

Kwa hivyo jamaa, semeni saa pamoja na kipindi cha siku: "saa mbili asubuhi, baada ya chai". Na wewe unayeandika, rudia kwa sauti: "yaani 08:00, sivyo?" Sekunde tano tu.

Kama hakuna mwenye hakika, tafuteni alama. Alirudi msikitini alfajiri akiwa mzima? Alikula daku na wenzake? Fungueni simu yake: ujumbe wa M-Pesa wa mwisho alioutuma una saa na dakika. Sauti aliyorekodi WhatsApp ni ushahidi mkubwa zaidi, kwa kuwa mwasikia kabisa kwamba ulimi wake ulikuwa mwepesi. Aliyeamka na kiharusi, hesabu ni tangu alipolala, isipokuwa kama kuna aliyemwona akienda msalani usiku na kutembea vizuri. Hapo hesabu yaanzia msalani.

#2 Tabibu_Mvita

Shukran dada, hilo la saa lilihitaji kuandikwa. Nami niongeze jinsi ya kuutambua, kwa sababu saa haina faida kama watu nyumbani wamekaa wakingoja apone.

Vitu vitatu hupimwa hapo hapo sebuleni. Uso: mwambie akuonyeshe meno. Usimwambie tu "tabasamu", mtu aliyechanganyikiwa haelewi. Tazama mfereji unaotoka puani kwenda pembe ya mdomo. Upande uliolegea mfereji huo hufutika. Ukiwa mezani utaona chai yachuruzika pembe moja naye hana habari. Mikono: ainue yote miwili mbele, viganja juu, macho afumbe, hesabu hadi kumi. Mkono dhaifu si lazima uanguke. Huanza kwa kiganja kugeuka ndani, kisha unashuka taratibu. Watu wengi huukosa huo mgeuko wa kiganja. Usemi: arudie sentensi fupi, mfano "Leo asubuhi mvua imenyesha." Mpime kwa lugha aliyoizoea. Bibi wa Kigiriama au mzee wa Kibajuni ukimpima kwa Kiingereza utamwona mgonjwa hata kama si mgonjwa. Sikiliza makosa ya aina mbili: maneno sahihi yanayotoka kwa ulimi mzito, na maneno mepesi yasiyo na maana au yasiyokuwa yenyewe. Hilo la pili familia husema "amerukwa na akili" au "amepandisha", na siku nzima hupotea.

Kimoja tu kati ya hivyo kikijitokeza ghafla, twaliita kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuna viharusi vinavyojificha. Vya nyuma ya ubongo huja na kizunguzungu kikali, kutapika, kuona vitu viwili viwili na kuyumba. Presha yake iko juu, anatapika, basi aambiwa ni tumbo au malaria. Mwambie aketi kitandani bila kuegemea. Asiyeweza kuketi wima peke yake kwa kizunguzungu cha ghafla apelekwe upesi kama aliyepooza mkono. Kupoteza ghafla kuona kwa jicho moja, au nusu ya anachokitazama, nako kumo.

Na la mwisho, nalisisitiza. Kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo humnyima mgonjwa habari ya ugonjwa wake. Mkono wa kushoto unaning'inia naye asema "mimi mzima, niacheni nipumzike." Haoni aibu wala hafanyi ukaidi, sehemu ya ubongo ya kujua hilo ndiyo iliyokosa damu. Msimpe mamlaka ya kuamua safari.

#3 BintiKisauni

Dokta, swali. Baba ana sukari na anafunga Ramadhani. Tumeambiwa sukari ikishuka pia mtu hupooza upande mmoja. Tutatofautishaje, na tumpe asali?

#4 MuuguziWaZamu

Dada, swali zuri sana. Ni kweli, sukari ikishuka sana mtu huweza kulegea upande mmoja na kusema ovyo, ukaapa ni kiharusi. Kutofautisha kwa macho haiwezekani. Ndiyo maana kipimo cha sukari cha kidoleni ndicho kipimo pekee cha damu tunachokingoja kabla ya kuamua juu ya dawa ya kuyeyusha bonge. Vingine hutumwa maabara huku kazi ikiendelea, ila kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye ugonjwa wa kuvuja damu.

Kama mna mashine nyumbani, mpimeni. Chini ya 3.3 mmol/L yatibiwa mara moja. Akiwa macho kabisa, ameketi na anameza mate yake bila kukohoa, mpeni sukari kwa kinywa. Saumu isiwazuie, mgonjwa ana ruhusa. Akiwa na usingizi au mdomo umelegea, msimtie kitu mdomoni, hata asali. Asali nzito kwa koo lililopooza huingia mapafuni. Kwetu yeye hupata gramu 25 za glukosi kwenye mshipa: mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50 taratibu kwenye mshipa mkubwa, au mililita 250 za asilimia 10 ambayo haiunguzi mshipa. Kisha twampima upya baada ya dakika 15. Ulegevu ukiondoka pamoja na sukari kupanda, ilikuwa sukari. Ukibaki, endeleeni na njia ya kiharusi.

Na ikiwa sukari si ya chini, msimtundikie dripu ya glukosi "kumpa nguvu". Sukari nyingi huongeza uharibifu wa ubongo uliokosa damu. Maji ya chumvi ya kawaida yanatosha.

Kwa kuwa tuko hapo, niyataje mengine ninayoyaona yakija na wagonjwa. Vidole vilivyotobolewa sindano vitoe damu (ujumbe huo wazunguka kila mwaka kwenye simu): haufungui mshipa wowote wa ubongo. Kidonge cha presha kilichopasuliwa na kuwekwa chini ya ulimi: mfamasia ataeleza. Kuchuliwa kwa mafuta ya habasoda masaa mawili kabla ya kuondoka: kuchua hakumdhuru, yale masaa mawili ndiyo yanayomdhuru. Na mwalimu akiitwa kusoma, apande garini asome njiani. Hakuna daktari atakayemzuia.

#5 Ambulensi_Kongowea

Upande wa usafiri, sisi wa barabarani tuna yetu.

Kwanza simu. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999. Sema neno "kiharusi" mwanzo kabisa pamoja na saa. Ukisema "mgonjwa amezidiwa" unaingizwa kwenye foleni na kila aliyezidiwa. Jamaa mwingine apige hospitali mnayoikusudia aulize mawili: CT (mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa) inafanya kazi sasa hivi? Dawa ya kuyeyusha bonge ipo? Kituo cha karibu kisicho na CT kinaweza kukupa sindano ya vitamini na barua ya rufaa, na umekwisha kupoteza saa nzima. Tofauti ni mgonjwa aliyezimia au anayekoroma kwa kusongwa. Huyo apelekwe karibu kwanza afunguliwe njia ya hewa.

Mji wa Kale magari hayaingii vichochoro vyote. Msimbebe kwa kumshika mikono na miguu. Chukueni kiti cha mbao chenye mgongo, mketisheni, pitisheni leso moja kifuani chini ya makwapa mkaifunge nyuma ya kiti, nyingine mapajani. Watu wawili, mmoja nyuma anashika mgongo wa kiti na mmoja mbele anashika miguu ya kiti, ngazi mwashuka mgonjwa akitazama mbele. Mkono uliolegea uwekeni mapajani ndani ya leso usining'inie. Kuuvuta kwaweza kulitoa bega.

Tuktuk yafaa kama ambulensi iko mbali na mgonjwa yu macho. Mtu mmoja kila upande, kidevu kisiangukie kifua. Anayetapika au mwenye usingizi hafai kuketi, alazwe ubavu kwenye gari lenye kiti kirefu. Meno ya bandia yatoeni, yafungeni kwenye kitambaa. Bodaboda hapana, hata ikiwa karibu vipi.

Likoni: mmoja atangulie mbele kwa miguu azungumze na maafisa wa kivuko kabla gari halijafika kwenye foleni. Anayetoka Ukunda au Diani siku ya foleni ndefu, barabara ya Dongo Kundu humtoa Miritini bila feri, kisha aingie kisiwani kwa Makupa. Jioni daraja la Nyali laziba upande wa kwenda Kongowea kuliko wa kuingia mjini, msiogope kuja mjini.

Mkononi chukueni vitu vitatu: mfuko mzima wa dawa zake (si orodha, mfuko), simu yake, na mtu aliyemwona mzima mara ya mwisho. Huyo mtu ni muhimu kuliko nguo za kubadilisha.

Malipo: Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43(2), yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mkisimamishwa kwenye dirisha la malipo, litajeni kwa upole na kwa nambari yake. Mambo ya SHA (bima ya afya ya serikali) yafuatwe na mtu mwingine mgonjwa akiwa tayari ndani.

#6 Picha_na_Mionzi

Ndugu, kutoka chumba cha CT.

Kipimo cha kawaida cha kichwa bila dawa ya mshipani huchukua dakika chache. Kinachochelewesha ni hereni, vibanio vya nywele, kipini cha pua, mkufu. Vyuma hivyo hutupa miale kwenye picha. Vivueni mkiwa garini. La pili ni mgonjwa anayetikisika. Jamaa mwenye sauti anayoijua asimame mlangoni amtulize mpaka dakika ya mwisho.

Nataka lieleweke hili: damu mbichi iliyovuja huonekana nyeupe mara moja. Mshipa ulioziba, masaa ya mwanzo, picha yaweza kuonekana safi kabisa. Kwa hivyo "CT iko sawa" kwa mtu aliyelegea mkono ghafla haina maana ya "hana kiharusi". Maana yake ni "havuji damu", na hiyo ndiyo habari tuliyoitafuta. Kuna wagonjwa wanaorudishwa nyumbani na picha safi, na kesho wanarudi hawasemi. Tafadhali daktari wa zamu, ukipewa picha safi ndipo mwendo uongezeke.

Ikishukiwa mshipa mkubwa umeziba (upande mzima umekufa, macho yamegeukia upande mmoja, usemi umepotea), picha ya mishipa ifanywe hapo hapo kitandani kabla hajashuka. Msisubiri majibu ya figo kwanza. Bonge kubwa la namna hiyo laweza kutolewa kwa mrija ndani ya masaa 6, na kwa waliochaguliwa kwa picha hadi 24, kama yalivyoonyesha majaribio mawili ya 2018. Basi simu ya rufaa ipigwe mgonjwa angali mezani.

#7 MfamasiaBondeni

Naam, dawa. Naandika kwa wenzangu wa wodi, kwa kuwa makosa niyajuayo ni ya hesabu na ya mirija.

Alteplezi (ndiyo dawa ya kuyeyusha bonge): 0.9 mg kwa kila kilo, isizidi 90 mg. Asilimia 10 ya kwanza kwa dakika moja, iliyobaki kwa dakika 60. Chupa ya 50 mg huchanganywa na maji ya sindano 50 ml, ikawa 1 mg kwa 1 ml. Izungushe taratibu, usiitikise, itatoa povu na dozi itapotea ndani ya povu. Mgonjwa wa kilo 70: 63 mg. Sindano ya kwanza 6.3 ml, dripu 56.7 ml. Chupa mbili zina 100 mg, basi 37 ml zivute uzitupe kabla ya kuanza. Zikibaki kwenye chupa, kuna mtu usiku ataona "dawa haijaisha" akaiacha iendelee.

Kosa la mirija: chupa ikikauka, mrija bado una mililita kadhaa za dawa. Ukiufungua hapo umemnyima sehemu ya dozi. Unganisha maji ya chumvi kwa kasi ile ile mpaka mrija usafike. Dekstrosi isikutane nayo popote, dawa hujitenga ikawa mashapo.

Uzito msikisie mkiwa wima mlangoni. Kitanda chenye mizani kikiwepo kitumieni. Kisipokuwepo, watu wawili wakadirie kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe na jamaa.

Tenekteplezi, ya kazi hiyo hiyo, ni rahisi zaidi, sindano moja: 0.25 mg kwa kilo, isizidi 25 mg. Hatari yake ni boksi. Boksi la dawa ya moyo lina 40 au 50 mg, kwa sababu mshtuko wa moyo dozi yake ni mara mbili. Anayevuta chupa nzima kwa mazoea ya chumba cha moyo amempa mgonjwa wa kiharusi dozi maradufu. Ikiwa 5 mg kwa ml, kilo 70 ni 17.5 mg, yaani 3.5 ml tu. Andikeni ml kwa kalamu nyekundu kwenye bomba la sindano.

Streptokinezi iliyobaki kwenye kabati, hapana. Ilijaribiwa kwa kiharusi miaka ya 1990, ikaongeza vifo kwa kuvuja damu.

Na kile kidonge cha nifedipini chini ya ulimi: hushusha presha kwa kishindo, huwezi kujua itashuka hadi wapi wala kuirudisha. Kuzunguka sehemu ya ubongo iliyokufa kuna ukanda uliokosa damu ya kutosha lakini u hai, nao unalishwa na ile presha mnayoiogopa. Fikirini nyumba ya ghorofa: presha ya maji ikishuka, wa chini wanaoga, wa ghorofa ya nne mfereji unakauka. Ukanda ule ndio ghorofa ya nne.

#8 JamaaWaMajengo

Na aspirini je? Watu husema mpe mara moja kabla ya kutoka nyumbani.

#9 Tabibu_Mvita

Kaka, hapana. Ushauri huo ni wa maumivu ya kifua. Kiharusi chaweza kuwa mshipa umepasuka, na huku kwetu Afrika sehemu ya wanaovuja damu ni kubwa kuliko Ulaya. Mlangoni huwezi kujua ni kipi. Aspirini ya 160 hadi 325 mg hutolewa baada ya CT kuonyesha hakuna damu, ndani ya masaa 24 hadi 48. Kama amepewa dawa ya kuyeyusha, yangojwa masaa 24 na picha ya pili.

Niendeleze la mfamasia kuhusu presha, kwa kuwa nambari ni nne na watu huzichanganya. Anayetarajiwa dawa ya kuyeyusha: isipite 185/110 kabla, na 180/105 kwa masaa 24 baadaye. Asiyepewa dawa na mshipa umeziba: iacheni, mpaka ipite 220/120, na hata hapo punguzeni kama asilimia 15 tu siku ya kwanza. Anayevuja damu ndiye wa kushushwa haraka: ya juu ifikie karibu 140, isiende chini ya 130. Labetaloli 10 mg mshipani kwa dakika moja hadi mbili, pima, rudia ukihitaji. Mwenye pumu au mapigo ya polepole asipewe. Pimeni kwenye mkono ulio mzima, kwa mkanda unaomtosha.

Kwa wanaovuja damu nasema kwa moyo wote: msiwakatie tamaa. Kuna mazoea mabaya ya kusoma "damu ubongoni" na kumsukuma mgonjwa pembeni. Jaribio la INTERACT3, lililochapishwa 2023 na kufanywa hasa katika nchi za kipato cha kati na cha chini, lilionyesha kwamba kushughulikia mambo manne kwa pamoja na mapema, yaani presha, sukari, homa na kugeuza dawa za kuzuia damu kuganda, huwaacha wagonjwa wengi zaidi wakijitegemea. Hakuna mashine ya ajabu hapo. Anayetumia warfarini apewe vitamini K 10 mg mshipani taratibu, pamoja na plazima au viini vya kugandisha vikipatikana. Kitanda kiinuliwe digrii 30. Damu ikiwa kwenye ubongo mdogo wa nyuma na mgonjwa aanza kusinzia, mpasuaji wa ubongo aitwe usiku huo huo. Asubuhi atakuwa amechelewa.

#10 MuuguziWaZamu

Kwa wenzangu wanaokaa na aliyepewa dawa: mirija miwili ya mshipani iwekwe kabla, kwa sababu baada yake kila tundu ni kidonda cha kuvuja. Mpira wa mkojo na wa puani vingoje, ila kwa dharura. Presha na hali ya ubongo kila dakika 15 kwa masaa mawili, kila dakika 30 kwa masaa sita, kisha kila saa mpaka masaa 24 yatimie. Kichwa kikianza kuuma vikali, presha ikipaa, akatapika au akasinzia, funga dripu kwanza, halafu ndipo umpigie daktari, na CT irudiwe.

Tazama pia midomo na ulimi. Wanaotumia dawa za presha kama enalapri, lisinopri au kaptopri huweza kuvimba ulimi upande mmoja dripu ikiendelea. Kwa tochi unaona upande mmoja umenenepa na alama za meno pembeni. Ulimi ukivimba hivyo hewa yaweza kufungwa. Ndiyo sababu mfuko wa dawa uletwe.

#11 KlinikiSelimundu

Msiwasahau watoto. Pwani tuna selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) nyingi, na mtoto wa miaka mitano anayeanza kuchechemea ghafla au kuacha kutumia mkono mmoja huambiwa ameanguka shuleni. Mtoto mwenye selimundu na dalili hizo ana kiharusi. Tiba yake ya kwanza si dawa ya kuyeyusha. Ni kubadilishiwa damu, au kuongezewa kwa uangalifu wakati mpango wa kubadilisha unafanywa, pamoja na maji na oksijeni ikiwa imeshuka. Baada ya hapo uwezekano wa kurudi ni mkubwa sana asipoendelea na damu ya mara kwa mara, au haidroksiyurea pale damu isipopatikana.

#12 MazoeziViungo_Tudor

Ahsanteni. Nije kwenye siku ya pili, maana wagonjwa wengi hupona ubongo wakafa kwa mapafu.

Kumeza kwanza, kabla ya kidonge chochote, hata hiyo aspirini. Awe macho, aketi wima kabisa. Kijiko kimoja cha chai cha maji, kisha cha pili, cha tatu. Weka vidole viwili kooni usikie likipanda. Akivuka hapo, 90 ml kwa mfululizo. Akikohoa, au akiambiwa aseme "aaa" sauti ikatoka na majimaji, ameshindwa. Anayeshindwa kimya kimya yupo pia: hakohoi, ila sauti imebadilika. Aliyeshindwa hupewa aspirini kwa njia ya haja kubwa au kwa mpira wa puani, na chakula kingoje. Jamaa mnaokuja saa ya kuona wagonjwa na chupa ya uji au juisi ya ukwaju, ulizeni muuguzi kwanza. Akiruhusiwa, uji mzito huwa salama kuliko maji, kwa sababu hushuka polepole na koo lapata nafasi ya kufunga.

Homa ikipita 37.5 apewe parasetamoli na itafutwe sababu, hasa kifua. Ageuzwe kila masaa mawili. Kumtoa kitandani kwa nguvu na kumtembeza sana ndani ya masaa 24 ya kwanza hakusaidii. Jaribio kubwa la AVERT la 2015 lilionyesha waliofanyishwa hivyo walifanya vibaya zaidi. Aketishwe kidogo kidogo. Mto uwekwe chini ya mkono uliolegea, bega liwe mbele, vidole vinyooke. Meza yenye maji na simu iwe upande uliolegea kwa mwenye nguvu za kugeuka, ili macho yake yajifunze kwenda huko. Lakini kengele ya kumwita muuguzi iwe upande mzima.

#13 BintiKisauni

Shukran nyote. La mwisho: Baba mdogo jana jioni mdomo ulipinda na mkono ukafa ganzi kama dakika 20, ukarudi. Leo yuko sawa kabisa, ameenda dukani. Tungoje miadi ya kliniki ya Alhamisi?

#14 Tabibu_Mvita

Hapana dada, leo hii. Hicho ni kiharusi kilichopita, na hatari ya kurudi kikiwa kamili ni kubwa zaidi ndani ya masaa 48 ya mwanzo. Mtoeni dukani. Apimwe kichwa, mishipa ya shingo, na mapigo ya moyo kwa ECG. Mapigo yasiyo na mpangilio hutupa mabonge, na hayo huhitaji dawa nyingine kabisa. Ikiwa valvu ya moyo imebana kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni, warfarini ndiyo yake. Jaribio la INVICTUS la 2022 lilionyesha hivyo dhidi ya dawa moja kati ya zile mpya za kuzuia damu kuganda. Kama moyo ni mzima na hakuna damu kwenye picha, huenda akapewa aspirini pamoja na klopidogreli, dozi kubwa ya kwanza 300 hadi 600 mg kisha 75 mg kila siku, kwa siku 21. Halafu moja iachwe. Zikiendelea zote mbili miezi kadhaa, kuvuja damu kunazidi faida.

Kabla hamjatoka nyumbani andika kwenye karatasi ilianza saa ngapi jana na ikaisha saa ngapi.

#15 BintiKisauni

Tumeshampigia, anafunga duka. Ilianza saa kumi na mbili na robo jioni, adhana ya Magharibi ilikuwa haijaadhiniwa.

#16 MuuguziWaZamu

18:15. Andika hivyo hivyo, na neno "jioni" pembeni. Mlete na mfuko wa dawa.